Kidevu Kwenye Mashine ya Kusaga

Daktari wa meno kule Mwanza alisema miaka miwili. Mimi nilitaka miezi. Meno yangu ya juu yalifunika ya chini kabisa, na ya chini yalikuwa yananichoma kwenye kaakaa kila nikitafuna. Kidato cha kwanza mpaka cha nne nilicheka nimeziba mdomo. Siku nilipofungwa waya nikamuuliza kama hakuna njia ya kuharakisha. Akasema wengine wanatoboa vitundu kwenye mfupa, wengine wana kifaa cha kutetemesha meno, ila yeye hana, na hata wataalamu bado wanabishana kama kinasaidia. Mimi nikashika neno moja tu: kutetemesha.

Kwetu Nyakahura kuna mashine ya kusaga inayotikisa mpaka ukuta. Nikaanza kujitolea kupeleka mahindi. Mama akafurahi, akawaambia majirani siku hizi nimekua. Kumbe nikifika naegemeza kidevu kwenye ubao wa mashine, nang'ata meno, natulia. Mwenye mashine akaniuliza, "Dada, na wewe unataka kutoka unga?" Watu wakacheka. Nikajifanya naangalia debe langu.

Wiki ya tatu ubao ukanipiga mdomoni. Kile kichuma cha kushikia waya, kilichogandishwa kwenye jino la mbele, kikabanduka. Nyumbani nikasema nimeng'ata jiwe kwenye maharage.

Tukarudi Mwanza. Daktari hajamaliza hata kuuliza, mama akasimama. Akasema kosa ni lake, macho yake siku hizi hayaoni vizuri, jiwe lilimpita wakati wa kuchambua, asamehewe. Daktari akamwambia awe makini, jino limelegea, sasa tutachelewa zaidi. Mama akaitikia kila neno kama mtoto anayegombezwa. Mimi nilikuwa nimeachama, taa usoni. Hata nilipoambiwa nifunge mdomo, sikusema kitu.

Baada ya hapo akawa anachambua maharage mara mbili. Anatoka na ungo juani, anausogeza karibu na uso, punje moja moja. Siku ya nne nikashindwa. Nikakaa chini nikamwambia hakukuwa na jiwe, nikamweleza habari yote ya mashine.

Hakugomba. Alishika ungo tu.

"Pale kwa daktari," akasema, "ulinisikia naomba msamaha?"

"Nilikusikia, mama."

Akaniwekea ungo mapajani, akaingia ndani. Nikachambua mpaka jua likaondoka pale nilipokaa. Sikupata jiwe hata moja.