Siku Nilipoisasisha Simu ya Baba

Kazi yangu mjini Kisumu ni kuwahimiza watu wa ofisini wasasishe kompyuta zao. Wanaochelewa nilikuwa nikiwaona wavivu, na mimi simung'unyi maneno. Baba nilimweka kundi hilohilo.

Baba haoni tangu nikiwa darasa la pili. Anaishi peke yake Kisian, nje kidogo ya mji, na simu yake humsomea kwa sauti kila anachokigusa. Aliizoea hata akaacha kuisikiliza. Vidole vyenyewe vilijua jina langu liko wapi. Kila asubuhi alinipigia kuuliza nimeamkaje. Simu ilipomwomba asasishe, alikataa, mwezi baada ya mwezi.

"Wacha hiyo maneno, nyara," aliniambia Jumapili moja nilipomtembelea. Kwa Kijaluo ananiita hivyo, binti yangu. "Simu iko sawa."

Mimi nikajifanya najua zaidi. Alipojilaza mchana niliisasisha, nikaiweka kando ya kitanda, nikaondoka nikijipongeza.

Jumatatu hakupiga. Nikampigia mimi, ikaita mpaka ikakatika. Mara ya sita roho ilikuwa mkononi. Niliomba ruhusa kazini, nikakodi pikipiki mpaka Kisian.

Nilimkuta kibarazani, mzima, simu ameishika kwa mikono miwili. Nilitaka kumgombeza. Akanitangulia, kwa sauti ndogo.

"Nilikusikia ukinipigia. Nimeshindwa kukufungulia."

Alikuwa akijaribu tangu alfajiri. Sauti ilikuwa ngeni, majina yamehama, hata namna ya kupokea imebadilika. Nikamuuliza mbona hakumwita jirani.

"Nimwambie nini? Eti nimepotea ndani ya simu yangu?" Kisha akasema, bila hasira, "Ukikujanga kufagia hapa, viti unarudishanga mahali yake. Mbona simu hukurudisha?"

Nililia. Tangu utotoni sijawahi kuacha hata stuli nje ya mahali pake katika nyumba ile, kwa sababu nampenda. Na kwa ujuzi wangu wote sikuwa nimeona kwamba mtu aliyeridhika si mvivu. Amekwisha kujitengenezea njia zake, na ndizo anazopita kila siku.

Simu haikukubali kurudi ilivyokuwa. Nilimpangia majina kwa utaratibu wake wa zamani, nikamtafutia ile sauti aliyoizoea, kisha nikamshika kidole tukajifunza kupokea. Tulikubaliana ikiomba tena kusasishwa, tutaketi wawili, maana masasisho mengine ni ya kumkinga na wezi, na hilo bado naliamini.

Jioni alinifukuza. "Enda mpaka kwa geti, ungoje."

Nilisimama getini muda mrefu, nikijizuia nisirudi kumsaidia. Nilimsikia akimpata mchungaji wa kanisa lake kwa makosa, akiomba radhi, akianza upya. Hatimaye simu yangu ikaita.

"Nyara," alisema, akihema kidogo. "Nimekupata."