Nilijenga ukuta wa maji kwenye kliniki ya meno Biharamulo, mapokezi nikamkuta Leokadia

Wakuu, amani iwe kwenu.

Humu mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi. Leo naandika ya kwangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu na chumvi siongezi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni fundi wa maji ya urembo. Zile kuta zinazotiririsha maji ndani ya hoteli na ofisi, vibwawa vidogo vya mapokezi, chemchemi za kwenye korido. Kazi nimejifunzia Mwanza na nimeifanya huko miaka tisa.

Kwetu ni Kaniha, wilaya ya Biharamulo.

Kabla ya kwenda Mwanza nilikuwa na mchumba, nimwite Leokadia. Kwao ni Nyakahura, wilaya hiyo hiyo, kando ya barabara ya mabasi. Baba yake alishafariki, mama yake alikuwa na genge la ndizi na maharage. Mama huyu asili yake ni Burundi, alikuja akiwa binti mdogo, akakulia na kuolewa huku.

Wazee wangu walishakwenda kujitambulisha. Wakakaribishwa rubisi, ile pombe ya ndizi, wakarudi wameridhika.

Nikamwambia Leokadia, "Nipe miaka miwili nijifunze kazi, nikirudi tunafunga ndoa."

Akasema sawa.

Wakuu, mimi sikumwacha, na hilo ndilo linaloniuma. Anayemwacha mwenzake angalau hutoa kauli. Mimi nilikuwa narudi mwezi ujao, kila mwezi. Kazi moja ikiisha inaingia nyingine. Simu za kila siku zikawa za Jumapili, za Jumapili zikawa za sikukuu. Mwaka wa nne namba yake ikawa haipatikani. Nikajiambia nitakwenda mwenyewe, tukionana tutaelewana.

Sikwenda.

Sasa tuje kwenye kisa.

Mwaka juzi nilipigiwa simu na daktari wa meno, mwanamama, amefungua kliniki yake Biharamulo mjini. Alikuwa ameona kazi yangu kwenye hoteli moja Mwanza.

Shida yake ilikuwa ile mashine ya kuchongea meno. Mlio wake unapenya ukuta. Watu wamekaa kwenye benchi wanasubiri zamu, wakiusikia wanaanza kuaga mmoja mmoja. Mwingine anasema anakwenda kununua vocha, harudi tena.

"Nataka watulie," aliniambia. "Fanya unavyojua."

Nikafunga vifaa, nikapanda basi.

Naingia mlangoni, dada wa mapokezi ameinama anaandika kadi. Akainua uso.

Leokadia.

Amenenepa kidogo, anavaa miwani. Kidoleni ana pete.

"Karibu," akasema. "Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo."

"Daktari ana mgonjwa. Subiri hapo."

Nikakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa. Mashine ikaanza kulia huko ndani. Nikamwelewa daktari.

Kazi ilichukua siku kumi na mbili. Ukuta ulikaa mkabala na meza ya Leokadia, maana upande ule tu ndio uliokuwa na bomba na sehemu ya kumwagia maji.

Nilipowasha mara ya kwanza, nilikuwa nimekosea. Maji niliyaacha yaanguke moja kwa moja kutoka juu, yakapiga kelele kama mvua kwenye bati. Leokadia anaita majina kwa nguvu, wagonjwa hawasikii. Halafu, msicheke, kila aliyekaa dakika kumi aliuliza choo kiko wapi.

Nikabomoa.

Nikafuata mawe bapa upande wa Ngara, yale yenye uso wa mikwaruzo, nikayapanga ukutani ili maji yateleze juu yake badala ya kuanguka. Chini nikajaza kokoto laini za mtoni, zikatokeza kidogo juu ya maji, ili maji yakifika yasipige. Pampu nikaweka ndogo, yenye koki ya kupunguza, na betri ya sola kwa ajili ya umeme ukikatika.

Safari hii ikatoka sauti ya chini, ya taratibu. Mlio wa mashine haukupotea, ila ulizama ndani ya maji, ukawa kama unatoka nyumba ya jirani. Watu wakakaa. Mzee mmoja alisinzia mpaka zamu yake ikapita.

Siku zote hizo mimi na Leokadia maneno yetu yalikuwa "sogea nipite" na "naomba ufagio". Kwa kumsikia akiongea na simu nilijua mume wake ni mwalimu na wana watoto wawili. Nilipanga mawe nimempa mgongo, lakini kila alipoinuka kwenye kiti nilijua.

Siku ya tisa mama yake akaja, jino linamsumbua. Nikashuka kwenye ngazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akanitazama sana, kisha akakaa mbele ya ule ukuta. Leokadia alikuwa ameingia ndani kwa daktari. Mama akawa anasikiliza maji mpaka nikadhani hatanisemesha.

"Kwetu kulikuwa na kijito chenye sauti hii," akasema. "Niliondoka mtoto. Nilidhani nimekisahau."

Akanigeukia.

"Mwana wanje," akaniita kwa lugha ya kwao, yaani mwanangu, "huyu binti alikusubiri miaka miwili. Mimi nilikusubiri mitano. Basi la Mwanza likisimama pale gengeni, nilikuwa natazama wanaoshuka."

Hakusema kwa hasira. Angenitukana ningepona haraka.

Kesho yake kliniki ikiwa haina watu nikajikaza.

"Leokadia, naomba nikueleze ilivyokuwa."

Hakuinua macho kwenye kadi zake.

"Nilishalia yakaisha," akasema. "Nina nyumba yangu, nina amani. Usinieleze." Akageuza kadi nyingine. "Nifundishe kusafisha hiyo pampu. Daktari amesema mimi ndiye nitakayeitunza."

Hapa ndipo nilipojaribiwa, wakuu.

Mafundi wenzangu mnajua. Ukiacha kitu kimoja hujakionyesha, utaitwa tu. Ndani ya ile pampu kuna chujio dogo. Lisiposafishwa, baada ya miezi mitatu hivi maji yanapungua mpaka yanakata. Nisingeharibu chochote. Ningenyamaza tu, na kila miezi mitatu ningeitwa Biharamulo, niingie mlango ule, anikaribishe.

Nilimwonyesha kubadilisha maji kila wiki. Nikamwonyesha kusugua mawe kwa siki ule weupe wa chumvi ya maji ukianza kujijenga. Nikabaki nimeshika pampu mkononi.

"Bado nini?" akauliza.

Nikaigeuza pampu, nikaigeuza tena.

"Kuna chujio ndani," nikasema.

Nikamfungulia. Akalitoa, akalisuuza, akalirudisha mwenyewe mara mbili. Kisha akaandika hatua zote kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya meza yake.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka mlangoni.

"Kazi umeijua," akasema. "Nenda salama."

Akarudi ndani kuita mgonjwa. Aliita kwa sauti ya kawaida na yule mgonjwa akasikia.

Tangu hapo nimejenga nyingine nyingi, za saluni, za ofisi, hata ya duka la dawa. Wateja wote hunipigia, mara pampu inakoroma, mara maji yamekuwa ya kijani. Biharamulo hawajawahi kupiga. Nilimuuliza daktari kwa ujumbe, akajibu kwamba maji yanatiririka vizuri kabisa, Leokadia anaitunza kuliko hata vifaa vya meno.

Nilifurahi. Halafu nikakaa na ile simu mkononi, sikujua nimpigie nani.

Nilichojifunza ni hiki. Kama kuna mtu unamwambia "narudi mwezi ujao", mwambie siku, na siku hiyo panda basi. Kama hutarudi, sema hutarudi, ili mama yake aache kutazama mabasi.

Mliowahi kukutana na mtu wenu akiwa tayari na amani yake bila ninyi, mliishije baada ya hapo? Andikeni hapa chini, hata wa kunilaumu mnakaribishwa. Nitasoma yote.