Vibandiko Chini ya Mabawa

Nilipiga rangi magari miaka thelathini na sita. Shule sikukanyaga. Hizi ndege ndogo za chuma, mfano wa zile za vita vya zamani, nilianza kuzikusanya kwa sababu ya rangi tu.

Ya kwanza niliikuta kwa muuza mitumba. Inaenea kiganjani, nzito, kijani na kahawia. Pale rangi mbili zinapokutana palikuwa pamepulizwa kwa mkono uliotulia. Nikasema, aliyepiga hii ni mwenzangu.

Mke wangu alikuwa mshonaji. Alisoma mpaka darasa la nne.

"Mtu mzima na mvi zako, unaniletea midoli?"

"Si midoli."

"Haya baba, si midoli. Itoe basi nifute meza."

Lakini jioni ile alivaa miwani, akachukua boksi la ile ndege. Maandishi yalikuwa ya kigeni. Akaligeuza, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hii ilipeleka dawa." Akaandika hivyo kwenye kikaratasi, akakibandika chini ya bawa.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Mimi naleta, yeye anasoma, anabandika. Hii ilibeba barua. Hii ilitafuta waliopotea baharini. Kwa vibandiko hivyo alinifundisha kusoma, herufi moja moja. Ndege zilifika arobaini na moja.

Mwaka jana kifua kilimbana. Wiki mbili, akaondoka.

Tangu hapo siku inaweza kupita sijasema neno, ila "asante" kwa muuza mkate.

Mtaa wa pili anakaa fundi injini mstaafu wa uwanja wa ndege. Yeye ndiye aliyeniambia kuna kikundi cha wakusanyaji, wanakutana Jumamosi kwenye chumba nyuma ya maktaba. Wana kabati kubwa la kioo na ndege chache. Nikaona, walau nitapata watu wa kukaa nao. Nilifunga zangu zote kwenye vitambaa alivyoviacha mke wangu, nikazibeba pamoja na maboksi.

Walikuwa wanne, pamoja na yule fundi. Walinipa kiti, wakanipa chai. Mkubwa wao, mwalimu mstaafu, aligeuza moja.

"Mzee, nani kaandika hapa?"

"Mke wangu."

"Anasema ilipeleka dawa."

"Ndivyo."

"Labda dawa ya moto! Mzee wangu, hii ilidondosha mabomu. Ona tumbo lake, milango hii hapa."

Fundi injini akainua nyingine. "Na hii ya barua ina bunduki nane! Kaka, shemeji alikuwa na jeshi la wauguzi!"

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Na mimi nikacheka. Ilikuwa siku nyingi sijacheka na watu.

Mwalimu akavuta boksi, akanisomea ile lugha, taratibu, kwa kidole. Jina, mwaka, uzito wa mabomu. Hapo nikaelewa kule kunyamaza kwake mke wangu. Hakuwa anasoma. Alikuwa anatunga.

Sijui kama aliona aibu kusema hajui. Au aliziona zile bunduki, akaona si kitu cha kukaa nacho sebuleni. Wa kumuuliza hayupo.

"Zote tunaweka kabatini," mwalimu alisema. "Ila vibandiko vitoke. Tuandike ya kweli."

Ukucha wake ulikuwa tayari chini ya kimoja.

"Acha," nikasema.

"Mzee, watu watasoma. Hatuwezi kuwadanganya."

"Kweli. Hamuwezi."

Nikaanza kufunga vitambaa. Hakuna aliyecheka tena. Fundi injini alinisindikiza mpaka mlangoni. "Kaka, njoo hata mikono mitupu. Kiti chako kipo." Nikamwambia nitakuja. Jumamosi tatu zimepita, sijaenda. Nikienda watazungumza ndege, na mimi ninachokijua kuhusu ndege ni alichoniambia mke wangu.

Zote zimerudi kwenye rafu. Kuna moja niliinunua baada ya msiba, haina kibandiko. Jana niliitoa kwenye boksi lake, nikaigeuza. Rangi nzuri, kijivu, imepakwa mara mbili. Nilikata kikaratasi, nikashika kalamu. Yeye angenyamaza kidogo tu, neno likaja.

Mimi nilikaa na kikaratasi kitupu mpaka muuza mkate akapita. Nikairudisha ndani ya boksi.