Lawama Aliyoibeba Profesa Anselme

Mwanangu, kuna siku moja ya matanga katika mtaa wa Rwambuzi ambayo ninaiona vizuri kuliko jana. Mwezi huu unaanza kazi ya maabara, na ninafurahi, ingawa umeniona nimenyamaza. Huko unakokwenda watakufundisha kushika darubini. Hili ninalokusimulia sidhani kama watakufundisha.

Nilikuwa msichana, msaidizi wa Profesa Anselme hapa hapa Bunia. Sisi wanafunzi tulimwita Papa Profesa. Kazi yake ilikuwa kutazama jinsi kiumbe kinavyojijenga kabla ya kuzaliwa, hasa pale neva zinapoanza, na alitumia mayai ya kuku. Tuliyaweka kwenye kuveze, lile sanduku la joto, na umeme ulipokatika tuliwasha taa ya mafuta chini yake na kupokezana kuilinda. Kisha alikata kidirisha kwenye ganda na kuingiza tone la wino mweusi chini ya kiumbe ili kionekane, maana hakikuwa na rangi, kilikuwa kama ute tu. Hapo tuliona kingo mbili mgongoni zikiinuka, zikakaribiana, zikashikana na kuwa mrija. Mrija huo ndio unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Mara nyingine haukufunga. Papa Profesa alitaka kujua kwa nini. Alianza kutafuta kabla hajaota mvi, na jibu lote hakuwa amelipata.

Mwanawe Patrick alikuwa ameoa binti aitwaye Dorcas. Dorcas aliuza samaki. Alishuka Kasenyi, kule ziwani, kuwanunua, akawapandisha mjini. Alipojifungua, mtoto alikuwa wa kiume, mzuri wa sura, lakini mgongo wake ulikuwa wazi pale chini ya kiuno. Madaktari walijaribu. Mtoto hakukaa sana.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa uani. Mimi nilikuwa nimekwenda kusaidia kupika, nikasimama karibu na mlango. Mama Régine, dada mkubwa wa Papa Profesa, ndiye aliyeanza.

"Dorcas alibeba mizigo ya samaki na mimba tumboni. Tulimukataza, hakusikia. Ama iko kitu ingine alifanya, atuambie."

Dorcas alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, maziwa yakilowesha blauzi yake, na mtoto wa kuyanyonya hayupo. Mjomba mmoja akasema arudishwe kwao mpaka jambo lijulikane. Patrick alikuwa anatazama viatu vyake.

"Haiko Dorcas," Papa Profesa akasema. "Ile mugongo inafungaka mapema sana, mbele hata mama ajue kama iko na mimba. Samaki haikufanya kitu."

"Basi njo nani?" Mama Régine akamuuliza.

"Sijue."

"Ya kuku unajua. Ya mujukuu wako, hujue?"

Watu wengine walicheka kidogo, kicheko cha msibani kisicho na furaha. Mama Régine hakucheka. "Kama haiko yeye, njo weye. Kila siku unavunja mayai, unaangalia vitu vyenye Mungu alificha. Sasa ametujibu."

Nilingoja awajibu. Majibu yote yalikuwa yamenijaa mdomoni, na kama ningekuwa na umri wa kusema mbele ya wakubwa wale, ningeyatoa. Papa Profesa alimtazama Dorcas kwa muda, kisha akasema taratibu:

"Kama hii nyumba inatafuta mutu wa kubebesha, munibebeshe miye. Dorcas abakie kwa bwana yake."

Wakakubali. Dorcas akabaki. Toka hapo nduguze Papa Profesa walipita upande wa pili wa barabara wakimwona. Wanawake wa kijiji cha Shari waliokuwa wakituuzia mayai walikataa. Walisema kuku wao wataacha kutaga.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta maabara akifuta darubini, nami nilikuwa na hasira.

"Papa Profesa, unajua ile maneno haiko ya kweli. Kwa nini uliwaachia?"

Aliendelea kufuta. "Esperance, weye unataka kushinda maneno. Dorcas anataka mahali pa kulala. Ningewashinda jana, saa hii angekuwa njiani na vitu vyake kwa kichwa." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Tena jibu ya kuwapa sina. Siku nitaipata, nitabishana nao."

Nikachukua kitambaa, nikamsaidia.

Mayai yakatuishia. Kazi ilikuwa karibu kufa, ndipo siku moja Dorcas akaja na beseni limefunikwa kwa kitenge. Ndani yake kulikuwa na mayai ya kuku wa mama yake mzazi. Aliyaweka mezani akabaki amesimama, na baadaye, mayai yale yalipokwisha kukaa kwenye joto, akarudi kuomba aone. Papa Profesa akamkalisha mbele ya darubini.

"Moyo inapiga," Dorcas akasema.

Papa Profesa akamwonyesha mgongo, pale mrija ulipokuwa unafunga.

"Ya mutoto wangu ilikataa?"

"Ilikataa hapa chini."

"Ile siku nilikuwa nafanya nini?"

"Mama, haukukuwa hata unajua kama iko na mimba. Pengine ulikuwa unafagia. Pengine ulikuwa unacheka."

Hapo Dorcas akalia, na Papa Profesa akasimama nyuma yake, mkono kwenye kiti. Mayai yalikuwa yanapoa. Hakuniambia niyarudishe.

Baadaye daktari alimpa Dorcas vidonge vya vitamini, vile ambavyo mwanamke humeza kabla ya kushika mimba, vinavyopunguza hatari ya mgongo kutofunga ingawa haviimalizi. Alizaa binti, mzima wa mgongo. Papa Profesa hakumwona. Alikufa wakati wa vita, mji umejaa waliokimbia vijiji vyao, maabara imeporwa, hata kuveze imebebwa. Mama Régine alikuja mazishini, akakaa mbali na jeneza. Hakuna aliyemwondolea Papa Profesa ile lawama.

Mpaka leo sijui kama alifanya vema. Alimwokoa Dorcas, lakini uongo ule ulibaki mtaani. Muda si mrefu baada ya matanga yale nilimwona mama mwingine akirudishwa kwao, mtoto wake akiwa na ugonjwa ule ule wa mgongo, na katika ukoo wake hapakuwa na mzee wa kujitolea kubebeshwa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukijua jambo lenye faida, lipeleke mapema. Waambie wasichana sokoni na kanisani kabla hawajashika mimba, maana kwenye matanga watu wanatafuta wa kumlaumu, hawatafuti sababu. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, hata wakikucheka. Na mama aliyefiwa akikuuliza kwa nini, hakikisha kwanza kwamba hakuna anayemfukuza, ndipo umweleze.

Mungu akupe macho yasiyochoka na mikono isiyotetemeka juu ya yai. Akupe umri wa kulipata jibu ambalo Papa Profesa hakulipata, na siku utakayolipata, akupe watu wa kuliamini. Nenda na amani.