Baba Alipokataa Kithitu

Shamba lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa kipande cha chini, kando ya mto, pale milima ya Kathiani inapoteremka: sukuma wiki, nduma karibu na maji, na michungwa michache. Lakini kule juu tulikojenga ni mawe matupu, na mvua ikikosa hakuna kitu. Kwa hivyo nikisema kipande cha chini ndicho kilitulisha na kumsomesha kaka yangu sekondari, siongezi chumvi. Mimi niliishia darasa la nane. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Karo ilikuwa ya mtu mmoja, na kaka alikuwa amepita vizuri kuliko mimi.

Baba mkubwa, mwana wa mke wa kwanza wa babu, alisema kipande hicho babu alimwazima baba tu. Baba alisema alipewa. Babu alikuwa amekufa, na waliokuwepo siku hiyo, kama walikuwepo, walikuwa wamekufa pia. Nimejaribu mara nyingi kuandika jambo hili bila kumfanya baba mkubwa mwizi, kwa sababu sijui kama alikuwa mwizi. Mimi nilimwamini baba yangu. Watoto wa baba mkubwa nao walimwamini wa kwao.

Wazee wa ukoo walisikiza maneno hayo mpaka wakachoka, wakasema basi yaende kwa kithitu. Kwa asiyetoka kwetu, kithitu ni kiapo cha Wakamba. Mwenye kuapa husimama mbele ya kitu chenyewe, ambacho mimi sijawahi kukiona, akasema neno lake. Akiwa amedanganya, kifo huingia katika nyumba yake. Si lazima kimchukue yeye. Kinaweza kuchukua hata mtoto anayenyonya. Watu hungoja misimu ya mvua kadhaa. Nyumba yake ikipita salama, alisema kweli, na kesi hiyo haifunguliwi tena.

Wakamwambia baba aape yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilima. Baba alikuwa ameokoka, tena mzee wa kanisa. Akakataa. Nilikuwa nimepeleka chai, nikasikia.

"Unaogopa nini?" mzee mmoja alimwuliza. "Kama ni lako, apa twende nyumbani, jua ni kali."

"Siogopi. Yesu alikataza watu wake kuapa."

"Lakini si huwa mnapiga kelele huko kanisani ati Yesu ako na mamlaka juu ya kila kitu? Mapepo, uchawi, kila kitu?"

"Ako nayo."

"Basi kithitu itakufanya nini? Apa, halafu huyo Yesu wako aikalie!"

Watu walicheka. Baba alingoja wamalize. "Kama ako na mamlaka juu ya kithitu, ako nayo juu yangu pia. Na mimi ameniambia nisiape."

Baba mkubwa hakucheka, hilo lazima niliandike. Alisema polepole, "Ndugu yangu, basi nitaapa mimi. Usije ukasema nilikunyang'anya."

"Apa," baba akasema.

Nyumbani mama alimngojea mlangoni. "Umepeana shamba."

"Sijapeana. Nimetii."

"Na huyo Bwana uliyemtii, atashuka kutupandia sukuma kwa haya mawe?"

Baba alichukua jembe, akapanda kule juu kwenye mawe. 

Jumapili pasta alimsimamisha mbele, kanisa likapiga makofi. Lakini nje, langoni, mzee mwenzake wa kanisa alimshika mkono akamwambia amekosea. Angeapa bila wasiwasi, damu ya Yesu ingemfunika. Kwa hivyo hata sisi wenyewe hatukuelewana. Mmoja aliona mamlaka ya Yesu ni ya kutii hata ukipoteza, mwingine akaona ni ya kukushindia. Na kulikuwa na wa tatu, ambao hawakusema mbele yetu, walioona mtu mwenye mikono safi hakimbii kiapo. Siwezi kusema kanisa lilitutupa. Mvua zilipokosa walituletea mahindi na maharagwe, na vijana wakaja kutusaidia kuchimba matuta kule juu. Lakini matuta bila maji ni kazi ya mikono tu.

Mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Baba alikuwa ametuambia zamani kwamba akiwa kijana huko Ndithini aliona boma zima likiisha baada ya mwenyewe kuapa uongo. Hofu hiyo ilikuwa ndani yake kabla hajamjua Yesu. Siku moja tukipalilia nilimwuliza, nikimwita nau, yaani baba kwa Kikamba, "Nau, kama hungeokoka, ungeapa?" Alilima mpaka mwisho wa mstari, akageuka. "Hilo usiniulize," akasema. Labda ilikuwa utii. Labda ilikuwa hofu, utii ukaifunika. Nimekaa na hayo miaka mingi na bado sijui.

Baba mkubwa aliapa, akaanza kungojewa. Hakuna aliyekubali kwamba tunangoja, lakini macho yetu yote yalikuwa kwa boma lake. Ng'ombe wake alipokufa, mama aliosha vyombo akiimba. Baba akamwambia anyamaze. "Ukingoja kithitu ifanye kazi, basi hiyo ndiyo unaabudu."

Halafu kitinda mimba wa baba mkubwa akashikwa na homa. Homa ile ya kutetemeka, macho yanageuka, mtoto haitiki akiitwa. Mama yake alikuja kwetu mbio, leso imelegea kichwani.

"Shemeji, bwana yangu hajui nimekuja. Njoo umwombee. Si nyinyi mnasema jina la Yesu linashinda yote?"

"Aende kwanza akamwambie bwana yake aseme ukweli," mama akasema kutoka jikoni, kwa sauti ya kusikika.

Sote tulijua. Mtoto akifa, wazee watasema kithitu imekula, na kipande cha chini kitarudi kwetu. Kaka yangu, aliyekuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, angerudi shule. Baba alichukua koti lake. Mimi nikamfuata, sijui kwa nini.

Baba mkubwa alikuwa ameketi kando ya kitanda. Alimwangalia baba, akasogea kumpa nafasi, hawakusalimiana. Baba aliweka mkono kwa kichwa cha mtoto. Hakuomba kama anayebembeleza. Aliiamuru ile homa itoke, kwa mamlaka ya Yesu, kwa sauti iliyojaza nyumba.  Baadaye wakambeba mtoto hadi barabarani, akapelekwa hospitali Machakos mjini, akawekewa maji. Alirudi akitembea, anakula mandazi.

Watu wakasema, unaona? Ugonjwa ulikuja ukachungulia, ukakuta nyumba ya mkweli, ukaenda zake.

Baba aliwaendea wazee, mimi nikamfuata tena. Sidhani alitaka shamba siku hiyo. Nafikiri alitaka tu isemwe. "Mtoto aliombewa," akawaambia. "Aliyemponya ni Yesu."

Yule mzee wa siku ile alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko. "Kwa hivyo unasema Yesu wako amemfunika mwongo asikamatwe? Ama unasema ndugu yako hakudanganya? Chagua moja, sisi tukusikize."

 Nilingoja baba aseme neno kama lile la kwanza, la kunyamazisha watu. Akavaa kofia yake, tukarudi nyumbani.

Misimu ilipoisha walichinja mbuzi, wakapanda miti ya mpaka, na kipande cha chini kikawa cha baba mkubwa. Alituachia machungwa ya mwaka huo tuyachume, na sikusikia hata siku moja akijigamba. Kaka alishatoka shule, akaenda Athi River kutafuta vibarua vya viwandani. Baba aliendelea kwenda kanisani, ila aliacha uzee wa kanisa, na wakati wa ushuhuda ukifika aliangalia sakafu.

Miaka ikapita, nikapata mtoto wangu. Siku moja, tukiwa tumemtembelea baba, mtoto akashikwa na homa. Nilimpeleka kwa baba alipokuwa amekaa.

"Nau, mwombee."

Aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Nilifumba macho nikangoja. Nilipoyafumbua, mkono ulikuwa bado pale, na mdomo umefungwa. 

"Mpeleke hospitali," akasema mwishowe. "Nenda sasa, kabla magari hayajaisha."

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda.