Njaa ya Kila Jumatano

Jumapili iliyopita mchungaji wetu, kijana mwenye miwani ambaye wakati wa mambo haya hakuwa ameota hata ndevu, alimaliza matangazo ya ubatizo na ya harusi, kisha akasema komite inaomba kanisa lifikiri: je, njaa ya kila Jumatano, yaani kufunga kwetu, iendelee ao ikome? Watu waligeuka kunitazama mimi, kwenye benchi ya nne upande wa wamama, kwa sababu ni bibi yangu aliyeitamka ahadi ile. Na mimi, ndugu yangu, badala ya kutafuta jibu, nikasikia harufu ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, zikikaangwa, nikawa tena mtoto wa miaka tisa kule Kadutu, tumbo linanguruma.

Acha nikueleze. Koko, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, ndiye aliyenilea, katika nyumba ya mbao chini kidogo ya kanisa, mahali ambapo mvua ikinyesha unashikilia ukuta wa jirani usije ukateleza na ndoo yako. Katika ile vita ya kwanza, siku moja risasi zinalia upande wa Ruzizi, wamama wa kanisa walijifungia ndani ya kanisa. Koko akasimama katikati yao akasema: "Kila siku ya tatu hatutakula, mpaka amani ifike." Siku ya tatu, kwetu tunaohesabu kuanzia Jumatatu, ndiyo Jumatano. Wamama wakasema amina. Hakuna aliyeuliza amani ikifika tutaitambua kwa alama gani.

Nisiwe mwongo: mwanzoni kitu kile kilikuwa kizuri. Chakula ambacho hatukula Jumatano hakikubaki nyumbani. Kila nyumba ilileta kikombe cha unga, maharage, viazi vitamu vya Mudaka, na wamama wakavibeba kichwani kwenye mabeseni mpaka shule walimolala watu waliokimbia kutoka Bunyakiri. Walishuka mlima wakiimba, na sauti zao tulizisikia hata wakishapotea kwenye kona. Sisi watoto tuliruhusiwa kula saa sita; ukishafika miaka kumi na miwili, unangoja jioni kama wakubwa. Nilichambua maharage, nikachota maji, nikafagia uwanja, nikimwuliza Koko saa kila dakika mpaka ananifukuza. Na jioni ile, mama yangu we! Bugali wa muhogo unatoa moshi, mboga ya lenga-lenga, sambaza zilizokaangwa mpaka zinavunjika mdomoni. Nimekula kwenye hoteli za Ibanda, lakini chakula kitamu namna ile sijakiona tena. Koko alitucheka tukigombania sufuria: "Tumbo haijuaki siku ya tatu. Roho njo inajua." Uongo mtupu. Tumbo langu liliijua vizuri sana.

Lakini vita haikuisha. Iliondoka, ikarudi, ikabadilisha jina. Waliokimbia, wengine walirudi kwao, wengine wakajijengea vijumba pembeni ya mji. Mabeseni yakaacha kushuka, kwa kuwa nyumba nyingi za kwetu sasa zilikula mara moja kwa siku, na huwezi kutoa chakula ambacho huna. Njaa ikabaki yenyewe. Hapo ndipo, naona leo, mtu mmoja angesimama aseme: wapendwa, kazi hii imefanya ilichotumwa, tumshukuru Mungu tutafute nyingine. Hakusimama mtu. Ahadi ilisema mpaka amani ifike, na amani haijafika, basi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja wakati mama mmoja kijana, mwimbaji wa kwaya, aliyekuwa akinyonyesha mapacha, alipoonekana sokoni siku ya Jumatano akila ndizi. Juma lile lile tukapata habari kwamba gari iliyobeba watu wawili wa kanisa letu ilishambuliwa kwenye njia ya Bunyakiri. Hawakurudi. Jumapili, mbele ya mlango wa kanisa, Koko wangu, ambaye kila sikukuu alinipa nyama ya sahani yake akidai meno yanamuuma, alimkazia macho yule mama akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia: "Kuna wenye walikula, na kuna wenye walikufa." Yule mama aliwabeba mapacha wake, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, akaondoka, na hatukumwona tena kanisani. Niliona haya, lakini nilikuwa mtoto, na neno la Koko lilikuwa neno.

Miaka mitatu baadaye Koko akashikwa na ugonjwa wa sukari. Muuguzi wa kituo cha afya alinifundisha mimi kumchoma sindano, akanionya mara mbili, mara tatu: akishachomwa, lazima ale; asipokula, sukari itashuka mno, anaweza kufa. Siku sita za juma Koko alitii kama mwanafunzi. Jumatano alitaka sindano, chakula hapana. Nilipomwambia basi tuache na sindano, akakataa: dawa haivunji njaa, alisema, na muuguzi amekataza kuiruka. Jumatano mbili tulipita hivyo, anatetemeka, anatoka jasho, jioni uji unamrudisha.

Nilipanda mpaka nyumbani kwa mchungaji wa wakati ule, mzee mpole sana, nikalia mbele yake amfungue Koko kutoka kwenye ahadi. Akanishika kichwa. "Mutoto wangu," akasema, "siyo mimi nilifunga ile ahadi. Nitaifungula namna gani?" Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu. Nikarudi nikamwambia Koko kwamba Mungu hawezi kukasirikia kikombe cha uji. Akanijibu bila kuniangalia: "Nikikula mimi, na watu wakufe tena, watasema nini? Ile neno nilimuambia ule mama, watanirudishia." Kumbe hakuwa anamngoja Mungu. Alikuwa amefungwa na mdomo wake mwenyewe.

Jumatano ya tatu nilimchoma sindano asubuhi, mkono huu huu. Mchana, nikianika nguo, nikamsikia anaanguka. Nilikoroga sukari kwenye maji nikamwekea kikombe mdomoni. Akakaza meno. Ndugu yangu, nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nikipandisha bidoni ya maji ya litre ishirini kila asubuhi. Nguvu ya kumfungua mdomo nilikuwa nayo. Sikumfungua. Nilimtii. Alikufa kabla hatujapata watu wa kumbeba hospitali. Kwenye mazishi wakahubiri kwamba amekuwa mwaminifu mpaka mwisho, na njaa ikaendelea, eti kwa heshima yake. Heshima! Hasira ile sijaimaliza hata leo.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita nilisimama. Nikasema: "Mimi nakulaka siku ya tatu. Tangu tumuzike Koko sijafunga hata moja. Kama vita inakataa kuisha sababu yangu, basi munijue." Nikakaa. Mchungaji akavua miwani, akaipangusa na tai yake, akasema komite itakutana tena.

Nilitoka nje nikasimama kuangalia chini. Nyumba yetu ya mbao haipo, mlima uliporomoka ukaichukua, na ile shule imefungwa. Siililii njaa ile hata kidogo. Ninazililia zile nyimbo za kushuka mlima, wakati njaa yetu ilikuwa inamshibisha mtu mwingine.

Hapo akanifikia mama mmoja mzee sana, anayetembelea fimbo, wa mwisho aliye hai kati ya wale waliosema amina siku ile ya risasi. Akanivuta mkono pembeni.

"Mutoto wangu," akasema, "sisi wote tulikuwa tunakulaka. Kila mutu kwake, mulango imefungwa. Kutoka zamani, kabla Koko yako agonjwe."

Nilimwuliza, kwa sauti ambayo haikufaa kwa mtu wa umri wake, kwa nini basi hawakumwambia Koko.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kumuambia nini? Tulifikiri na yeye anakulaka."