Nyumba Isiyo na Pa Kupigia Hodi

Colombe alisema "ndiyo" akiwa na sinia la soda mkononi, na neno hilo ndilo lililomfunga. Mumewe, Thierry, alikuwa akiwaonyesha wageni mchoro wa nyumba watakayojenga kwenye kiwanja chao cha Norsborg, huku Uswidi. Upande mzima wa kusini ni kioo cha kusukuma pembeni, sebule na bustani viwe kitu kimoja. Jiko liko katikati, halina ukuta. "Si ndivyo, Mama Mélissa?" akauliza. Sasa mke wa Kirundi ampinge mumewe mbele ya wageni? Akasema ndiyo, akaendelea kugawa soda.

Ungemjua Colombe ungeelewa uzito wa ndiyo ile. Miaka kumi na mmoja ameishi Alby, fleti ya ghorofa ya chini, dirisha likitazama njia ya kwenda kituo cha treni. Mapazia hayakufunguliwa hata Julai, msimu wa jua, maana wapita njia waliweza kuhesabu viazi kwenye sahani yake. Kazini Flemingsberg, anakohudumia wagonjwa hospitalini, kutwa ni kengele na macho. Mahali pekee asipotazamwa ni bafuni, na hata huko binti yake Mélissa hugonga na kuuliza kwa Kiswidi, "Mama, umelala humo?"

Mara tatu alijaribu kumwambia Thierry wakiwa wawili. Mara tatu akajibiwa, "Lakini ulikubali! Watu wote walisikia." Kisha Thierry angeanza kusimulia, macho yakimeta, jinsi kwao Gitega walivyoishi nje tangu asubuhi, wakipika nje, wakila nje. Ngazi na korido za huku zilikuwa zimemchosha. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa pagumu.

Mchoro ulikuwa upelekwe manispaa Jumatatu, kuombewa kibali. Jumapili, baada ya ibada, Thierry akabandika utepe wa gundi kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa, akiichora nyumba yote kwa ukubwa wake halisi, ili watu waingie waone. Alimwalika hata Christina, Mswidi aliyewachorea ule mchoro.

Watu wakaingia kutoka kila upande. Gratien, rafiki wa Thierry, akasimama jikoni akijifanya anafunua sufuria. "Leo kuna nini humu?"

"Jamani, hata pa kupigia hodi hakuna!" akacheka bibi mmoja, Mama Gaudiose.

Colombe akasogea nyuma, akasogea tena. Kila alipogeuka alikuta mgeni. Mwishowe akavuka mstari, akaingia katika kijichumba kidogo kuliko vyote. Akabaki humo.

"Mama Mélissa," Gratien akaita, "hicho ni choo!"

"Najua."

"Sasa unafanya nini?"

"Nimekaa kwangu."

Kicheko kikalipuka. Thierry naye alicheka, mpaka alipoona mkewe hacheki. Akamfuata, na penye nafasi ya mlango akasita, kama mtu anavyosita mbele ya mlango wa kweli.

"Toka basi. Watu wanatutazama."

"Si ndiyo nyumba uliyonichorea?"

Colombe akakunja mikono kifuani. "Baba Mélissa, kwa mama yako tulipika nje, kweli. Lakini nyuma ya nyumba, na uzio umezunguka. Nani alifika kule bila kuitwa? Baba yako mwenyewe alikohoa kwanza. Wewe umeyaleta yale maisha ya nje, uzio umeuacha Burundi."

Thierry akauliza chini chini, "Unataka nini?"

"Jiko lenye mlango. Na uzio mrefu kunizidi."

"Bustani itakuwa na giza."

"Iwe na giza."

Thierry aliitazama ile mistari ya kusini, mita tisa za kioo alizoziota miaka yote. Akamgeukia Christina, akamwambia kwa Kiswidi kwamba kesho mchoro usipelekwe. Ukuta hakuutaja, wala uzio. Alisema tu, kesho hapana.

Colombe alilisikia lililosemwa na lisilosemwa. Hakutoka.

Chai ikaitwa. Watu wakaanza kuelekea mezani, wakikatiza sebule, wakikatiza jiko. Walipofika alipo Colombe wakamzunguka, mmoja mmoja, na hakuna aliyekanyaga mstari wake.